Jibu: Upasuaji wa mgongo wa mama kuahirishwa kwa sababu ya sukari

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama mama amekataliwa upasuaji kwa kuwa HbA1c yake ni 10. Hajakataliwa, na mimi naona daktari amefanya la maana. Kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3, na wapasuaji wengi hutaka kiwe chini ya 8 kabla ya kufunga vyuma vya kushikilia mifupa ya mgongo. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe hupambana vibaya na bakteria na kidonda huchelewa kupona. Usaha ukishika kwenye vyuma, mara nyingi mgonjwa hurudishwa kuoshwa upya, kisha dawa wiki kadhaa. Mifupa nayo huchelewa kuungana.

Wengi hawaulizi kuhusu ganzi ya miguu. Kama imeletwa na sukari yenyewe, si neva iliyobanwa, upasuaji hautaiondoa. Muulizeni daktari waziwazi.

Ila mama akishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikilegea ghafla, msingoje HbA1c ishuke: mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Na dawa za sukari asiziache mwenyewe. Daktari wa usingizi ndiye atasema ipi isimamishwe na lini.