Mwalimu, mwanangu hasomi mpaka asimamiwe

Maswali ya wiki hii yametoka Tandahimba, Masasi, Lindi na Kilwa Kivinje. Waulizaji hawafahamiani, lakini wote wanataka jambo moja: mtoto ajifunze hata pale mwalimu au mzazi hayupo. Nimeyafupisha.

Kijana wangu yuko kidato cha pili. Nikiwa nyumbani anashika daftari. Nikienda kuokota korosho, jioni nakuta hajafungua hata ukurasa. Nifanyeje? (Mama, Tandahimba)

Pole na shamba, mama. Huyo kijana si mvivu kama unavyohofia. Amezoea kuamriwa, basi amri isipokuwepo anakaa kuisubiri.

Kumbuka ulivyomfundisha kuokota korosho. Hukumkabidhi shamba zima siku ya kwanza. Ulimpa mti mmoja, ukamwonyesha namna ya kuitenga korosho na bibo lake na kuweka mbovu kando, ukarudi kukagua, kisha ukamwongezea miti. Kwenye masomo tunamwambia "kasome" tu, na kazi hiyo haina mwanzo wala mwisho.

Leo usiku muulize: kesho nikiwa shambani utasoma nini, saa ngapi, na mimi nitajuaje? Achague mwenyewe, hata zikiwa kurasa mbili, aandike kwenye karatasi. Jioni usianze na kukagua daftari. Mwambie alifunge akueleze alichosoma. Akishindwa usimgombeze, muulize nini kilimkwamisha, apange upya. Wiki mbili za mwanzo fanya hivyo kila siku, baadaye mara mbili kwa wiki, kisha Jumapili tu. Usimwachie yote kwa mara moja.

Na nakuomba sana, akishajipangia saa yake usimwite kazini saa hiyohiyo. Najua msimu haungoji. Basi pangeni pamoja saa ambayo kweli ni yake.

Nasoma sana. Narudia notisi mara nne, tano, napiga mistari kila mahali, lakini kwenye mtihani nasahau. Je, sina akili? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Masasi)

Akili unayo, mwanangu. Njia ndiyo inayokuangusha, na inawaangusha wengi kwa sababu inatoa raha ya uongo. Ukirudia notisi mara ya tano, macho yanazitambua, nawe unasema "hii naijua". Lakini kutambua si kukumbuka. Unaweza kukutana na mtu sokoni, sura unaijua kabisa, jina lisije.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi. Vingine walivisoma mara mbili. Vingine walivisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulionekana bora kidogo. Baada ya wiki mambo yaligeuka: vilivyosomwa mara mbili walivikumbuka kwa asilimia 42 hivi, na vile walivyojijaribu asilimia 56. Angalia hizo dakika tano, maana ndizo zinazokudanganya usiku wa kuamkia mtihani.

Basi soma kichwa kimoja cha somo, funga daftari, andika yote unayokumbuka. Utaona ni machache na utaumia moyo. Usiache. Fungua, ongeza yaliyokosekana kwa kalamu ya rangi nyingine. Hayo ya rangi nyingine ndiyo masomo yako ya kesho. Rudia kujijaribu baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Dakika ishirini za siku tatu tofauti zitakufaa kuliko saa nzima ya usiku mmoja.

Jambo jingine ni lugha. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari ukakutana na Kiingereza, na wengi wanakariri sentensi wasizozielewa. Jieleze kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde, Kiyao au Kimwera ukipenda. Ukishaelewa, ndipo uandike kwa Kiingereza, maana ndicho utakachojibia mtihani.

Mwisho, Baraza la Mitihani huchapisha mitihani iliyopita na pia taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha wengi walikosea wapi. Wanafunzi hukimbilia mitihani na kuziacha taarifa hizo. Mwombe mwalimu wako wa somo akusaidie kuzipata.

Darasa langu lina wanafunzi 80 na zaidi. Nikitoa kazi ya kujisomea, mmoja anafanya, wote wananakili. (Mwalimu, Lindi)

Mwalimu mwenzangu, wananakili kwa sababu swali lina jibu moja. Badilisha swali. Mwambie kila mmoja asome ukurasa fulani aje na swali moja la kitu asichokielewa, na aeleze alipokwamia. Wakikwama mahali pamoja, umeshapata somo la kesho. Huna haja ya kusahihisha madaftari 80. Okota kumi bila kuchagua, uyasome mbele yao kwa heshima.

Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa nasema "nendeni mkajisomee" na kuhesabu nimewafundisha kujitegemea. Sikuwa nimemwonyesha mtoto yeyote namna mtu anavyosoma ukurasa mgumu. Mwonyeshe. Shika kitabu, soma aya kwa sauti, simama na useme unachowaza: "Neno hili silijui, ngoja nisome sentensi inayofuata. Hapa sijaelewa, narudi juu." Wengi wao hawajawahi kumwona mtu mzima akikwama kisha akajinasua, hivyo wao wakikwama wanadhani ndiyo mwisho.

Nimnunulie simu ya kusomea? (Baba, Masasi)

Bado. Kwanza ajizoeze kupanga kwa karatasi. Kama simu ipo nyumbani, aishike akiwa ameshaandika anachokwenda kutafuta, akikipata airudishe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, aanzie hapo.

Sikusoma shule. Naishi na mjukuu wangu wa darasa la saba. Nitamsaidiaje? (Babu, Kilwa Kivinje)

Shikamoo, mzee wangu. Mwambie akufundishe. Kila jioni akueleze jambo moja la shuleni, nawe muulize kila usipoelewa, bila haya. Mtoto akilazimika kumweleza mtu asiyelijua jambo, huona mwenyewe pale ambapo hajalielewa.

Nawe unayo elimu ya pwani. Kitabu chake kikimwambia kuwa mwezi ndio unaovuta maji ya bahari, muulize: mbona bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu, na katikati yake tunapata maji mafu? Umeliona hilo maisha yako yote, yeye labda hajalifikiria. Asipokuwa na jibu usimpe, hata kama unalo la wazee. Akisema, "Babu, ngoja nikaangalie," mwongezee mafuta kwenye taa.