Gari inazima nikipunguza spidi, shida ni gani?

SWALI: Fundi habari yako. Niko na Toyota Fielder ya 2005, otomatiki. Ikiwa kwa barabara iko sawa kabisa ata kwa mlima, lakini nikitoa mguu kwa mafuta nikikaribia tuta ama raundabauti hapa Nakuru, inatetemeka kidogo halafu inazima. Nikiwasha inawaka hapo hapo. Ilianza ile wiki niliwekewa betri mpya. Makanika alibadilisha plagi, akasema pia ni fiuli pampu, nikanunua, na bado. Sasa anataka tubadilishe giaboksi. Nifanye nini? Mwalimu, Njoro.

JIBU: Mwalimu pole sana, na tafadhali hiyo giaboksi isiguswe kwanza. Hiyo maneno ya betri umetaja ukipita tu, kwangu ndiyo ya maana kuliko zote.

Ukitoa mguu kwa mafuta, ile sahani ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, inajifunga na injini inabaki ikipumua kwa upenyo mdogo sana, hapo pa vavu ya silensa (silensa ni injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta). Miaka ikienda masizi yanaganda hapo na hewa inapungua, lakini kompyuta ya gari inazoea pole pole, inafungua vavu zaidi, kwa hivyo wewe huoni kitu. Siku betri inatolewa, yale yote ilikuwa imezoea yanafutika, inarudi kufungua kidogo kama throto ni mpya, hewa haitoshi, inazima. Pampu ingekuwa mbovu ungeisikia kwa mlima, pale injini inataka mafuta mingi, si kwa tuta.

Mwambie makanika azime injini, atoe ile paipu kubwa ya hewa inatoka kwa eafilta, amulike na tochi ndani, asukume sahani kidogo na kidole aone ukingo wake wa nyuma. Uko mweusi na unanata? Aoshe na throto klina na kitambaa laini mpaka chuma ionekane, na ile vavu ya silensa hapo chini pia aioshe, watu wengi wanairuka halafu wanasema kuosha hakusaidii. Akimaliza awashe, aiache isimame silensa kama dakika kumi bila kukanyaga mafuta, halafu aweke AC. Revu (mizunguko ya injini kwa dakika) ikitulia karibu 700 ama 800, shida yako imeisha.

Ikikataa, sasa ndio mtafute hos imepasuka inavuta hewa, utaisikia ikipiga ssss. Kama inazima tu ukikanyaga breki, angalieni busta, ile inaongezea breki nguvu, na hos yake. Giaboksi ni ya mwisho: throto ikiwa safi na bado gari inazima na mshtuko, kama manual imesimamishwa bila klachi, hapo mpime solenoidi ya lokapu (vavu ya umeme ndani ya giaboksi inayofanya injini na giaboksi zishikane ama ziachane) kabla mtu ataje kununua boksi nzima.

Na mpaka itengenezwe usiende nayo mteremko wa Salgaa, nakuomba sana. Injini ikizima stering inakuwa nzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kwa hivyo kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, usipampu. Kama bado iko spidi weka N uwashe tena.

Ile pampu ya zamani muulize aliiweka wapi, nadhani ilikuwa nzima.