Gitaa kwenye nyimbo za Wamaori: nakataa, ila…

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ngoma ya jadi ikitiwa gitaa bado ni ya jadi. Mimi nasema hapana. Lakini nimeishi New Zealand, nchi ambayo Wamaori ndio watu wake wa asili, na huko swali lililonikaa moyoni ni jingine: nani mwenye ruhusa ya kuibadilisha?

Nilialikwa kwenye mapokezi ya wageni katika marae, uwanja na ukumbi wa ukoo wa Kimaori. Mzee wa wenyeji alipomaliza kuhutubia, bibi mmoja alianzisha moteatea, wimbo wa kale usio na ala, unaopanda na kushuka kwa vihatua ambavyo piano haina. Wenzake wakasimama nyuma yake, wakaimba sauti ileile moja. Nikangoja wanyamaze wavute pumzi. Wapi! Mmoja akiishiwa, mwingine ameshalidaka neno, maana kwao wimbo ukikatika katikati ni nuksi. Hata kukohoa sikuthubutu. Ikafika zamu ya wageni. Msemaji wao alipomaliza, vijana wakashika gitaa, wakaimba kwa sauti za kupandana kama kwaya ya kanisani. Nilichukia kwelikweli. Nikamtazama yule bibi nikidhani atakunja uso. Kumbe anaimba nao, na viganja anavitetemesha kama ilivyo desturi yao.

Hizo sauti za kupandana zilitokana na tenzi za wamisionari, karne ya 19. Mwanzoni mwa karne ya 20 Apirana Ngata, mbunge Mmaori, alieneza nyimbo za kuchezea mikono kwa mahadhi ya Kizungu, ili vijana wavutiwe na cha kwao. Na ndiye huyohuyo aliyekusanya moteatea zisipotee! Leo kwenye mashindano ya Te Matatini, yaliyoanza 1972, kundi lilelile huimba moteatea, huzungusha poi, vile vimpira vya kamba, na kupiga haka, ngoma ya kupaza sauti na kukanyaga kwa kishindo.

Kinachoniuma hasa ni haka kuchezewa na wasiohusika. Ka Mate, haka ile ya timu ya raga ya New Zealand, ni utunzi wa Te Rauparaha wa kabila la Ngati Toa, na ilibidi itungwe sheria mwaka 2014 ili jina lake litajwe.

Basi gitaa naliruhusu, mradi wanaolishika ni wenyewe. Haka kwenye matangazo ya biashara, hapana. Na msibani ningependa moteatea peke yake, ingawa hilo ni la wafiwa kuamua.