Wolpepa ya chumba: hesabu vipande, usihesabu mita za mraba

Asalam aleykum nyote. Dada aliyefungua uzi ameuliza hivi: chumba chake cha kulala kiko Malindi, mita 4.2 kwa 3.4, urefu wa ukuta mita 2.75, mlango mmoja na madirisha mawili. Dukani ameambiwa roli 7 zinatosha, fundi anadai 10, na hajui amwamini nani. Hapo juu kuna ndugu amemshauri achukue eneo la kuta agawanye kwa 5.3. Hiyo ndiyo hesabu iliyotoa zile 7, na ndiyo inayowaacha watu na ukuta wa mwisho ukiwa nusu.

Hiyo 5.3 inatokana na roli ya kawaida, ambayo ina upana wa sm 53 na urefu wa mita 10.05. Kuta zako nne, dada, zikipimwa kwa mzunguko ni mita 15.2. Mara 2.75 ni mita za mraba 41.8. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1, toa madirisha mawili ya 1.5 kwa 1.2, unabaki na 36.3. Gawanya kwa 5.3 upate 6.85, muuzaji anaandika 7. Hesabu yake iko sawa kabisa, ila wolpepa si rangi. Rangi iliyobaki koponi utaipaka popote. Karatasi ya mita moja na nusu iliyobaki kwenye roli huwezi kuiunga katikati ya ukuta.

Kwa hiyo hesabu vipande, yaani ile mikanda inayoshuka kutoka darini hadi chini. Kila kipande ongeza sm 10: tano za kukatwa juu, tano za kukatwa chini, kwa sababu dari na sakafu hazilingani hata kwenye nyumba mpya. Pima urefu wa ukuta sehemu nne au tano, kuanzia juu ya skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta), uchukue kipimo kikubwa. Kwako 2.75 inakuwa 2.85. Roli ya mita 10.05 inatoa vipande vitatu vya 2.85, na inabaki mita 1.50. Mzunguko wa 15.2 ukigawanywa kwa 0.53 ni 28.7, basi ni vipande 29.

Njia ya uhakika kuliko kikokotoo: kata fito ya sm 53 kamili, uzunguke nayo chumba kizima ukitia alama ya penseli ukutani. Anzia kwenye pembe iliyo nyuma ya mlango, maana huko ndiko utakakomalizia na ua, yaani mchoro unaojirudia kwenye karatasi, halitakutana sawasawa. Mlango ukifunguliwa utaifunika. Pembeni usizungushe kipande kizima. Kizungushe sm 2 tu, ukikate, kile kilichobaki ukianze upya upande wa pili kwa timazi. Pembe nne zinakula kama sm 8. Vipande 29 vinafunika mita 15.37, yaani una sm 17 za ziada, kwa hiyo zinatosha.

Ukitembea na fito utaona jambo ambalo mita za mraba hazikuonyeshi. Kipande kinachoingia dirishani nusu bado ni kipande kizima, maana unakiteremsha chote halafu unakata kona. Kinachookolewa ni kile kinachoangukia chote ndani ya uwazi. Kwa vipimo vyako, mlango unaokoa kimoja na kila dirisha viwili, jumla vitano. Vinabaki 24, na 24 kwa 3 ni roli 8. Juu ya mlango na juu na chini ya madirisha utaziba kwa yale mabaki ya mita 1.50. Dirisha likianza sm 90 kutoka chini na kuishia usawa wa mlango, unahitaji vipande vitano vya sm 70 na vinne vya sm 95, pamoja na ziada ya kukatia. Mabaki manne yanatoa vile vya 95, matatu yanatoa vile vya 70, na moja linabaki. Zingatia: hayo ni kwa wolpepa isiyo na ua la kulinganisha.

Ikiwa na ua, hesabu inabadilika, na hapo ndipo fundi wako alipopata 10. Angalia lebo. Mshale unaoelekea kwenye sifuri maana yake hakuna cha kulinganisha. Mishale miwili inayotazamana usawa mmoja maana yake ua linakutana usawa uleule kwenye kila kipande. Mishale iliyopishana, pamoja na namba kama 64/32, maana yake ua linajirudia kila sm 64 na kipande cha jirani kinashuka sm 32. Huyu wa mwisho ndiye anayewachanganya wengi. Fungua roli mbili kwa pamoja, moja ikatie vipande vya kwanza, vya tatu, vya tano, nyingine vya pili, vya nne, vya sita. Ukikata zote kwa roli moja, kutegemea urefu wa kipande, unaweza kutupa sm 32 zaidi kila mara.

Tuseme ua lako ni la sm 64. Kipande cha 2.85 hakigawanyiki kwa 64, kwa hiyo kutoka mwanzo wa kipande hadi mwanzo wa kinachofuata unatembea maua matano, mita 3.20. Vitatu bado vinapatikana: 3.20, 3.20, kisha 2.85 ya mwisho, jumla 9.25. Zinabaki sm 80. Lakini roli haianzi pale unapotaka ua lianzie. Unaweza kutupa hadi sm 63 mwanzoni kabla ya kipande cha kwanza. Basi mabaki ya kuziba juu ya mlango na madirisha hayapo tena, na ile akiba ya vipande vitano imepotea. Unarudi kwenye 29, gawa kwa 3, roli 10. Fundi hakukuibia.

Urefu wa dari ndio unaouma zaidi. Kwa wolpepa isiyo na ua, ukuta ukifika mita 3.25, pamoja na ziada ni 3.35, na mara tatu ni 10.05 kamili. Ukizidi hapo hata kidogo, roli inatoa vipande viwili tu na zaidi ya mita tatu zinakwenda taka. Kwa ua la sm 64 hatari inaanza mapema: ukuta wa mita 3 unakula 9.50, zinabaki sm 55, na roli ikianza vibaya hupati cha tatu. Mwenye dari ya jipsamu iliyoshuka ana bahati hapa.

Wanaotaka ukuta wa kitandani peke yake, ambao ndio wengi siku hizi: mita 3.4 ni vipande 7, yaani roli 3. Kwa mita za mraba utaambiwa 2. Roli mbili zinatoa vipande sita, mita 3.18, na utabaki na ufito wa sm 22 mtupu kando ya kabati.

Usikubali pia kwamba roli ni roli. Zile za kujibandika huwa na upana wa sm 45 na urefu wa mita 10. Chumba hikihiki, bila kutoa mlango na madirisha, kinataka vipande 34, roli 12. Zile pana za Korea ni mita 1.06 kwa 15.6. Hizo kwako ni vipande 15, kila roli inatoa vitano, roli 3 basi. Zikiwa na ua la sm 64, maua matano mara nne pamoja na kipande cha mwisho ni mita 15.65, umepungukiwa sm 5, roli inatoa vinne, na sasa unahitaji 4. Pana ni nafuu kwa mabaki, ila kuibandika peke yako ni taabu. Tafuta wa kushika upande wa chini.

Wa Lamu mna mambo mawili zaidi. Ukuta wa mawe wa nyumba za kale ni mnene, na kila dirisha lina mashavu ya ndani ambayo muuzaji hayahesabu. Shavu la kina cha sm 45, dirisha la 1.5 kwa 1.2: pande mbili na juu ni mita 3.9, ongeza za kukatia uhesabu kipande na nusu kwa kila dirisha. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziacheni, karatasi ndani ya zidaka haikai wala haipendezi. La pili ni kwamba ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa wolpepa ya plastiki, unyevu na chumvi vinasukuma kutoka nyuma, plasta inamomonyoka na karatasi inashuka nayo. Kwa ukuta wa namna hiyo mimi ningesema pakeni chokaa, basi.

Na huku Malindi, kabla hujatoa pesa, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, uzibe kingo zote kwa selotepu, ukiache saa 24. Ukikuta matone kwa ndani, ukuta haujakauka na roli ngapi si swali lako la leo. Plasta mpya ya saruji ipe angalau mwezi, halafu praima. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, ndiyo mizuri. Masika yakianza gundi hukaa mbichi na maungio hufunguka.

Ukishapata idadi, ongeza roli moja, na zote zinunue siku moja zikiwa na namba moja ya bechi. Namba hiyo iko kwenye lebo. Roli za bechi mbili huonekana sawa dukani, zikishakaa ukutani sambamba mchana wa jua utaona moja imefifia. Duka likiagiza Mombasa, waambie mapema kwamba namba zisipolingana hupokei. Anayevusha kwa boti kutoka Mokowe kwenda Lamu afunge roli ndani ya nailoni, maana maji ya chumvi yakigusa kingo hazitakutana tena. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama wanarudisha roli ambayo haijafunguliwa. Wakikataa, ile ya ziada ilaze, usiisimamishe, na lebo ibaki nayo. Soketi ikihamishwa au kabati likikwaruza ukuta, ndiyo utakayokata kiraka.