Monita ndo alinifundisha sheria, na monita nilikuwa mimi

Swali lenu la wiki hii, "Shule zifanye nini ili watoto waelewe sababu ya kuwepo kanuni na sheria?", limenigusa pabaya. Darasa la sita, Muheza, tuko sabini na kitu kwenye chumba kimoja, mwalimu akitoka tu ananiachia chaki na karatasi, andika wapiga kelele.

Mliosoma shule zetu hizi karatasi hiyo mnaijua. Unaandika jina, pembeni unaweka "sana", akiendelea unaongeza "sana sana", akikutukana unaandika "amezidi". Siku za mwanzo nilitenda haki kabisa. Wiki ya pili jamaa akanisogezea kashata chini ya dawati, nikamfuta kwa mate mpaka karatasi ikatoboka. (Machungwa nilikataa, Muheza yamejaa kila kona, nani anahongwa chungwa?) Ikawa biashara sasa, ubuyu, visheti, mtu ananibebea ndoo yangu ya maji mpaka bustanini, na wasio na kitu ndo wanajaa kwenye karatasi, akiwemo binti mmoja wa dawati la mbele ambaye hata sauti yake nilikuwa siijui vizuri, huyo nilimwandika kwa sababu majina yalikuwa machache na mwalimu angeniuliza nilikuwa nafanya nini.

Siku hiyo kipindi kilikuwa Uraia. Ubaoni kuna notsi kwa mwandiko wangu, "Umuhimu wa sheria", moja kudumisha amani, mbili kulinda haki za raia, tatu sijaimaliza. Mwalimu kaingia, kasoma majina. Binti kasimama, "Mwalimu, mimi sijaongea." Akajibiwa monita keshaandika. Fimbo sita, mikononi. Wala hakuniangalia, alirudi akakaa, akafungua daftari, akawa ananakili ile namba mbili huku anapuliza kiganja.

Nimekuja kuingia kamati ya shule ya mtaani kwetu ndo najua kuna kanuni za viboko za mwaka 2002, visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Vinne jamani! Kwa hiyo sheria ilivunjwa mbele ya ubao wenye umuhimu wa sheria, na aliyechapwa ndo pekee ambaye hakuvunja kitu. Nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa hilo tu, futeni hiyo karatasi, watoto hawana shida, fundisheni kwanza wenye fimbo.

Ila juzi niko barabarani na mwanangu, dereva wa mbele kanipigia taa, nikashuka mpaka 50, tochi ya trafiki ya kupima mwendo tukaipita, nikakanyaga tena. Dogo akauliza, "Baba, pale kwa nini hamsini?" Nikamjibu kuna trafiki. Kumbe pale pana shule, watoto wanavuka, na mimi mjumbe wa kamati hata halikunijia kichwani.

Halafu niseme ukweli, lile darasa lilikuwa kimya. Watu sabini bila mwalimu na bila karatasi hakuna ambaye angesoma, hata yule binti. Kwa hiyo nageuka kidogo, karatasi ibaki. Ila isomwe kwa sauti kabla mwalimu hajarudi, mwenye jina apewe nafasi ya kukataa mbele ya wenzake, na awepo wa kumwandika monita. Wakigombana juu ya nani kaonewa, hicho ndo kipindi cha Uraia chenyewe, notsi zitafuata. Kuhusu viboko sisemi sana, nyumbani kwangu pia sijawahi kuhesabu hivyo vinne. Na kwenye madarasa ya watoto mia na zaidi sijui huo muda wa kusikiliza malalamiko mwalimu atautoa wapi, labda Ijumaa, baada ya usafi.