Dawa ya Daktari, Kosa la Mchezaji

SWALI: Mhariri, binti yangu hucheza tenisi ya mashindano. Daktari akimwandikia dawa iliyopigwa marufuku michezoni, mwenye kosa ni nani?

JIBU: Ni mchezaji, ndugu msomaji, hata kama hakukusudia, kwa kuwa kanuni humwajibisha kwa chochote kinachopatikana katika mkojo au damu yake. Maria Sharapova, mchezaji tenisi wa Urusi, alitumia dawa iitwayo Mildronate kwa takriban miaka 10. Kiambato chake, meldoniamu, kilipigwa marufuku tarehe 1 Januari 2016, naye akapimwa mwezi huohuo mjini Melbourne akiwa hajaisoma orodha mpya ya dawa zilizopigwa marufuku. Alifungiwa miaka 2, adhabu ambayo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliipunguza hadi miezi 15, nami bado naiona nzito. Basi someni jina la kiambato, lile la herufi ndogo ubavuni mwa boksi, na dawa ikiwa haina mbadala, ombeni kibali cha kuitumia kwa matibabu kabla hajaimeza.