Shangazi, Nikijitoa Kundini Watasema Nimenunuliwa

Barua nimeifupisha, na jina la msanii nimeliondoa. Arobaini yake bado haijafika.

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, nimeolewa, nina mtoto mmoja, nauza mitumba soko la Sido hapa Mwanjelwa, Mbeya. Msanii niliyempenda kuliko wote alifariki ghafla Dar es Salaam wiki tatu zilizopita. Familia ilitangaza ni presha, kesho yake meneja akasema alianguka bafuni. Alizikwa siku ileile aliyofariki, harakaharaka. Kuna picha ilivuja, uso una weusi upande mmoja. Na mjane hakutoa hata chozi. Mimi ni mweka hazina wa kundi la WhatsApp la mashabiki wake wa Mbeya, tuko 214. Tumechanga shilingi 386,000 za fulana za kudai haki na nauli ya watu watatu kwenda Dar kushinikiza kaburi lifukuliwe. Pia kuna sauti ya dakika nne inayomtaja mjane kuwa ndiye aliyemuua, nami niliituma kwenye makundi mengine matano. Wifi yangu ni nesi. Nilimwomba awaambie wenzake wa Dar wachungulie faili la marehemu. Alinijia juu, mpaka leo hanisemeshi, na mume wangu yuko upande wa dada yake. Sasa ile sauti imeanza kunitia mashaka, lakini nikijitoa kundini watasema nimenunuliwa na familia. Nifanyeje? Mweka Hazina, Mwanjelwa."

Marahaba mwanangu, na pole.

Naanza na pole kwa sababu kwenye barua yako yote sijaona aliyekupa. Najua ulichoambiwa: mtu mwenyewe alikuwa hata hakujui. Kweli, hakukujua. Lakini wewe ukifungua robota alfajiri na baridi la Julai limekukaza vidole, yeye ndiye aliyekuwa anaimba kwenye spika ya kibandani. Mtu wa namna hiyo akiondoka anaacha pengo. Mimi Aprili 2012 nilisikia habari za kifo cha Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, nikiwa jikoni, nikakaa kwenye kigoda mpaka maharage yakaungua, na nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

La pili: kuuliza si dhambi, na wanaokuambia "Mungu amempenda zaidi, nyamaza" usiwasikilize sana. Taarifa za kwanza za misiba ya watu maarufu zimewahi kuwa na kasoro. Brenda Fassie, mwimbaji wa Afrika Kusini (harusi gani ya Mbeya miaka ile iliisha bila Brenda?) alifariki Mei 2004 baada ya kulala hospitali karibu wiki mbili. Habari zilizotangulia zilitaja pumu na moyo, uchunguzi wa maiti ukaja kuonyesha kokeini. Michael Jackson alikufa tarehe 25 Juni 2009, na ilipofika Agosti wachunguzi wa Los Angeles wakatangaza kwamba kifo kile kilisababishwa na mtu, kwa dawa, hasa propofol, ambayo ni dawa ya usingizi wa chumba cha upasuaji. Daktari wake, Conrad Murray, alitiwa hatiani Novemba 2011 kwa kuua bila kukusudia.

Ila angalia waliogundua ni akina nani. Ni watu wa maabara, wapelelezi na mahakama, na walichukua muda wao. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na kabla wiki haijaisha mtaani kwetu hukumu tatu tofauti zilikuwa zimeshatolewa, mojawapo na fundi wa baiskeli. Mahakama Kuu ilitoa yake Novemba 2017: mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, tuliyemzoea kwa jina la Lulu, alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka 2. Miaka mitano na miezi saba, mwanangu. Ninyi mmemaliza kesi kwa wiki tatu.

Haya, tuone huo ushahidi wenu. Kuzikwa haraka: msanii wako alikuwa Mwislamu, na kuzikwa siku ileile kwao ni sunna. Sisi huku tumezoea kungoja mpaka mjomba avuke Tunduma na shangazi apande kutoka Kyela, kwa hiyo mazishi ya saa kumi tunayaona kama ya mtu anayekimbizwa. Presha na bafuni: mbona havipingani? Presha hukaa mwilini miaka bila kuuma popote. Siku mshipa wa kichwani ukipasuka, mtu huanguka palepale alipo, na kama alikuwa anaoga basi ataanguka bafuni. Weusi wa uso: damu ikishaacha kutembea hutuama upande ambao mwili umelalia, ngozi ikabadilika rangi. Waulize kina mama waliowahi kuosha maiti. Na aliyepiga ile picha akaivujisha, huyo ndiye ningependa tumchangie nauli, aende akaeleze alikuwa anatafuta nini mle ndani.

Macho makavu ya mjane nayaweka kando kidogo, nitayarudia.

Sijasema kwamba familia imesema kweli yote. Huenda wameficha kitu. Sisi watu wa nyanda za juu tungekuwa wa mwisho kushangaa, maana kuficha kwenye msiba tunakujua. Miaka ya tisini, kuanzia Kyela hadi Makambako, ilikuwa nadra Jumamosi kupita bila turubai barabarani, na kwenye wasifu wa marehemu watu walikufa kwa vitu vitatu tu: malaria, kifua, na homa ya muda mrefu. Msomaji anasoma, waombolezaji wanaitikia kwa vichwa, jeneza linateremshwa. Hata baadaye, utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulipokuta maambukizi ya VVU yako asilimia 14.8 Njombe, 9.1 Iringa na 9.0 kwetu Mbeya, wakati nchi nzima ilikuwa 5.1, bado kwenye wasifu hakuna aliyekuwa amekufa kwa Ukimwi.

Mimi mwenyewe nilisoma mmoja. Mwaka 1997, kwetu Rungwe, uwanjani kwa baba, mchungaji wa Moravian kasimama pembeni yangu na mvua inanyunya. Niliandika kwa mkono wangu kwamba kaka "aliugua kifua kwa muda mrefu". Niliona namstiri, na kwa kweli nilimstiri. Ila niliyesahau kumstiri ni mke wake. Maana ukisema kifua, watu wanajiuliza: kifua gani hicho cha mwanaume mwenye nguvu, mwenye migomba na ng'ombe wawili? Lazima kuna mkono wa mtu. Na mkono wa kwanza kutazamwa ni wa aliyekuwa anampikia. Wifi yangu alikaa kwenye mkeka siku tatu bila kulia, na nusu ya ukoo ikasema, mwoneni, hana hata chozi. Kumbe alikuwa amejua miezi mingi kabla yetu, machozi aliyamaliza usiku peke yake, na alijua pia kwamba foleni ile yeye ndiye anayefuata. Siku ya arobaini shemeji zake walichukua ng'ombe. Hakuna aliyesimama, na mimi nilikuwemo.

Ndiyo maana uliponiandikia "mjane hakutoa hata chozi" niliiweka barua yako chini, nikatoka nje kidogo.

Familia za wasanii zina mengi zaidi ya kuficha kuliko kaka yangu: dawa, pombe, maradhi ambayo wapenzi wao hawakuambiwa, mtu kujitoa uhai, ugomvi wa nyumbani. Kati ya hayo, mauaji ni moja tu. Wakisema "presha" na ukahisi si yote, huenda hisia yako ni sahihi kabisa na bado hakuna aliyeua mtu. Na uongo wa namna hiyo ukishawekwa mezani, gharama yake mara nyingi hulipwa na mjane.

Sasa ile sauti. Huyo anayeanza na "jamani mimi niko karibu sana na familia" ni nani? Jina lake hulijui, sura yake hujaiona. Kama kweli aliona kitu, kituo cha polisi kinapokea maelezo ya shahidi saa ishirini na nne, na polisi ndio wenye uwezo wa kwenda kuomba uchunguzi. Yeye amechagua WhatsApp, mahali ambapo hakuna anayemuuliza swali la pili. Wewe ukamsaidia kuvuka makundi matano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa akijua ni ya uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Ulipoituma uliiamini, sawa. Lakini leo unaitilia shaka na bado iko kule, watu wanaendelea kuisikiliza. Mimi sina haja ya kukutisha na mahakama. Soko letu la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, kabla majivu hayajapoa kila kibanda kilikuwa na mchomaji wake, na majina yalitajwa. Ulizia wakongwe wa Sido, watakuambia wapo waliokaa miaka bila kusalimiana.

Kuhusu kaburi, huko ndiko mlikopotea zaidi. Kaburi halifukuliwi kwa fulana. Ni amri ya mahakama, na wa kuiomba ni polisi au ndugu. Nigeria mashabiki wa mwimbaji MohBad walifanikiwa kusikika: alifariki tarehe 12 Septemba 2023, akazikwa kesho yake, watu wakajaa barabarani, na tarehe 21 mwili ukafukuliwa. Walikuwa na haki ya kulia vile, kijana wa miaka 27. Lakini wataalamu walisema mwili ulishaharibika, chanzo cha kifo hakikuweza kubainishwa. Ninyi mko wiki ya tatu. Watu wenu watatu watapanda basi usiku kucha kwenda kusimama mbele ya nyumba yenye eda.

Hela irudishwe. Usiipeleke kwenye "rambirambi" wala "mfuko wa kundi", maana hukuchangishiwa hayo. Rudisha kwa kila aliyetoa, jina kwa jina, kiasi kilekile, na makato ya kutuma ubebe mwenyewe. Ndiyo, yatakuuma. Ukimaliza, bandika orodha kundini waione wote.

Watasema umenunuliwa? Watasema. Hilo sina dawa yake. Ila usitoke kimyakimya usiku kama mwenye deni, maana hapo ndipo utakuwa umewapa hadithi. Kaa kwanza. Rekodi sauti yako mwenyewe, fupi, uitume kwenye yale makundi matano pamoja na la kwenu: "Mimi ndiye niliyetuma ile sauti. Simjui aliyeisema na sina uhakika nayo. Naomba mliyonayo mfute." Usiongeze maelezo, usijibizane na wenye matusi, na mjane usimtafute kumwomba radhi. Hakujui, na simu yake imejaa. Halafu hela, halafu orodha, halafu kabidhi uhazina kwa mwingine. Baada ya hapo ukitaka kubaki usikilize nyimbo zake na wenzako, baki. Sijaona barua yako ikisema umeacha kumpenda.

Limebaki la wifi, ambalo naona uliliandika kwa mistari michache kuliko yote, na ndilo lililokufanya uniandikie. Mwanangu, ulimwomba avunje kiapo. Siri ya mgonjwa haizikwi naye. Nesi anayechungulia faili la mtu asiyemhudumia, au anayemtuma mwenzake achungulie, anahatarisha kazi na leseni, na wa Dar angeponzwa pamoja naye kwa ajili ya kundi la watu 214 wenye hamu. Mumeo hakusimama na dada yake kukukomoa. Fikiria siku ile faili likiwa la kwako.

Nenda kwake mwenyewe, bila mumeo, bila mtoto wa kumkingia. Usitume ujumbe, ujumbe umeshawaletea ya kutosha. Usimpelekee kitenge wala kuku, maana ataona hongo, na neno la kununuliwa limeshazunguka vya kutosha kwenye barua hii. Mvizie siku anayotoka zamu ya usiku akishalala kidogo, ukae jikoni kwake, umwambie: "Wifi, nilikuomba kitu kibaya." Kisha nyamaza. Akianza kukufokea, usijitetee, mwache amalize. Mawifi wa huku wakikufokea wameshaanza kukusamehe. Akiinuka kuchochea moto wa chai, mwoshee vikombe.